Jengo la kwenye noti ya mia tano, mgeni akishuka Mlimani linamsaidia kujua njia au ni picha tu?

korosho_ghafi (Lindi)

Habari za saa hizi wakuu, hasa nyie mliosoma Mlimani. Mdogo wangu kachaguliwa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo watu wanakiita Mlimani), sisi watu wa Mingoyo hapa Lindi, Dar yenyewe hajawahi kukaa kabisa, na mama kashasema atampeleka mwenyewe hadi aone mlango wa chumba, huyo mama yangu akishasema hivyo hakuna wa kumbadilisha. Yeye simu yake ya batani, mambo ya ramani za kwenye simu hayajui, kwa hiyo nataka nimwandikie kikaratasi cha majengo ya kuulizia wakifika.

Sasa hapa kijiweni kwenye kahawa kuna mzee fundi seremala yeye kila siku wimbo wake mmoja, "mwambieni aulizie jengo la kwenye noti ya mia tano, pale ndo chuo chenyewe". Tukasema tuitafute hiyo noti tuone, maana zimeshapotea mtaani, bahati mama muuza maandazi akawa nayo moja imebaki kwenye pochi ya zamani. Tumeizungusha weee. Kweli kuna jengo, kwa mbele yuko Karume, na kuna nyoka! Ubishi ndo ukaanzia hapo, mmoja anasema hilo Karimjee, mwingine anasema Muhimbili kwa sababu nyoka ni wa madaktari, kuna dogo wa bodaboda akaleta habari za frimasoni tukamfukuza.

Naombeni msaada, hilo jengo ni lipi hasa na bado lipo? Na ukimwambia mgeni alitafute hilo atafika anapotakiwa au atazunguka? Kama kuna mengine ambayo watu wa pale wanayatumia kuelekezana yatajeni. Natanguliza shukrani.

---

mti_wa_mwembe

Mzee wenu wa kahawa mpeni kikombe kingine, kasema kweli. Hilo ni Nkrumah Hall, ukumbi wa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kampasi ya Mlimani, jina la Kwame Nkrumah rais wa kwanza wa Ghana. Upo na unatumika, si makumbusho. Kwenye noti ulikaa tangu ile ya mwaka 2003 yenye nyati mbele, wakaja kuirudia kwenye ile ya 2010 yenye Mzee Karume, mpaka 2014 ilipotoka sarafu ya mia tano ndo noti zikaanza kupotea kidogo kidogo, na sarafu haina ukumbi, ina nyati.

Afu huyo mama wa maandazi mwambieni pole, hiyo hela haimnunulii hata chumvi. Benki Kuu (BoT) walitangaza kubadilisha noti za zamani kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025, na mia tano ya 2010 ilikuwa humo. Tawi la Mtwara hapo lilikuwa linapokea, na mabenki pia. Sasa hivi abaki nayo ya kuwaonyesha wajukuu.

Nyoka sio Muhimbili wala frimasoni jamani. Ile ni alama ya tiba ya zamani sana, fimbo ya Asklepio, Wagiriki wa kale walimhesabu ni mungu wa uponyaji, ndo maana unaikuta kwenye magari ya wagonjwa na maduka ya dawa dunia nzima. Muhimbili kweli ilikuwa sehemu ya UDSM miaka ya nyuma kabla haijawa chuo kikuu chenyewe mwaka 2007, kwa hiyo aliyesema madaktari hakuwa mbali sana, ila jengo ni Nkrumah, hapo hana cha kubisha.

---

binti_shangani (Mtwara)

Mimi naomba nipingane na mzee wa kahawa kwa heshima zote, na wewe mti wa mwembe pia. Jengo ni hilo sawa, ila kumwelekeza mgeni kwa Nkrumah ni kumpoteza, mtoto anafika na begi na godoro na mama yake anaulizia Nkrumah, ataonyeshwa kweli, atasimama mbele yake, halafu? Nkrumah ni ukumbi! Makongamano, midahalo, mihadhara ya wakubwa. Hakuna anayesajiliwa pale kwa sababu kaona picha kwenye hela.

Mgeni neno lake la kwanza ni Utawala. Hilo konda anajua, mlinzi anajua, dada wa vocha anajua. Jengo la utawala liko juu, ukishafika pale kila kitu unakihesabia kutoka hapo, kushuka huku, kushuka kule. Na kushuka ndo neno lenyewe, mana ile ni milima kweli, watu wa huku kwetu Mtwara tumezoea tambarare unatembea toka Shangani hadi sokoni hujapanda popote, pale utapanda ngazi mpaka magoti yaseme.

La pili Yombo. Hapa muwe makini sana. Yombo za chuoni ni kumbi za kufundishia, Yombo one, Yombo two na kuendelea, zipo hapo hapo ndani ya kampasi. Kuna mshkaji wetu tuliingia naye mwaka mmoja alitoka Nanyumbu, ratiba imeandikwa Yombo 4, yeye ana shangazi yake anakaa Yombo Vituka huko Temeke, bas asubuhi na mapema kapanda daladala kaenda zake Yombo kutafuta lecture 😂😂 shangazi mwenyewe ndo alimrudisha.

La tatu mabweni, pale tunaita hall, Hall one, Hall two, mpaka saba huko. Hayana majina ya watu, ni namba, kwa hiyo kwenye kikaratasi andika namba kama ulivyoona kwenye mfumo usiandike "bweni la wavulana" hakuna atakayekuelewa. Kuna Mabibo ambayo iko nje kabisa ya kampasi, huko Mabibo kweli, na kuna hostel za Magufuli. Hizo za Magufuli ndo mpya, blocks 20, zilifunguliwa Aprili 2017, zinachukua wanafunzi 3,840. Mwaka wa kwanza wengi wanapenda kupangiwa huko.

Nkrumah atakuja kupiga nayo picha akishatulia.

---

mti_wa_mwembe

Dada shangani umenikata maini lakini hoja ya Yombo nimeikubali hahaha. Ila usimshushe Nkrumah hivyo. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kile cha uprofesa hapo chuoni, enzi za Profesa Shivji makongamano yalikuwa pale, watu wamejaa mpaka madirishani, wewe unasema ukumbi tu.

---

binti_shangani (Mtwara)

Sijamshusha. Nimesema hana msaada kwa mtu mwenye godoro.

---

mzee_wa_boma (Mikindani)

Wanangu salaam. Nimeona mnabishana nikasema nichangie kidogo, mimi nilifanya kazi Dar miaka mingi kabla sijarudi huku nyumbani na chuo kile nimekiona kikikua.

Kwanza mjue chuo hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU ambalo wananchi walichanga kulijenga, na walianza na sheria tu, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Jengo hilo la Lumumba lipo mpaka leo ni ofisi za CCM. Kwa hiyo kama mnatafuta jengo la kwanza la chuo sio Nkrumah, ni pale mjini Mnazi Mmoja jirani. Mwaka 1964 ndo wakahamia mlimani, huko wakati ule ni pori, mtu akikwambia anakwenda chuoni unamuuliza atarudi lini. 1963 kilikuwa kimeshaingizwa kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe, Mwalimu akiwa mkuu wa chuo.

Waliochora mpango wa kampasi ni wasanifu wa Kiingereza, Norman & Dawbarn, hao hao walifanya chuo kikuu cha Jamaika. Na hapa ndo nataka vijana muangalie kwa macho siyo kupiga selfi tu. Yale majengo ya zamani angalieni madirisha yake, angalieni matofali yenye matundu, zile mbao za saruji zilizotokeza nje za kukata jua, njia za kupita zilizoezekwa ili mtu atoke jengo hadi jengo mvua isimpate. Walijenga kwa ajili ya upepo, mana AC enzi hizo nani anayo. Na pale mlimani upepo wa bahari unapanda. Mjerumani huku kwetu Mikindani alipojenga Boma mwaka 1895 alikuwa na joto hilo hilo ila yeye alijibu kwa kuta nene, ukiingia ndani saa nane mchana unahisi ubaridi. Ni njia mbili tofauti na zote zinafanya kazi. Majengo ya siku hizi ya vioo huku pwani mimi sijui yanamjibu nani, umeme ukikatika mnatoka wote nje.

Na sehemu ile ina historia nzito. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kwenda JKT kwa lazima, wakaenda mpaka Ikulu na majoho yao, Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza kama mia nne hivi, akawarudisha nyumbani kwa wazazi wao, na mshahara wake mwenyewe akaukata siku ile ile. Miaka hiyo ndo kina Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, walikuja kusoma pale, na Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, akifundisha. Kijana akipita kwenye ngazi zile ajue hazikuanza na yeye.

---

injinia_ligula (Mtwara)

Shikamoo mzee wa boma, darasa tosha.

Mimi naleta ugomvi mwingine, mnabishana Nkrumah na Utawala wakati jengo ambalo mgeni yeyote sasa hivi analiona na kushangaa ni maktaba mpya, ile ya Wachina. Ilizinduliwa Novemba 2018, msaada wa serikali ya China, gharama kama dola milioni 40, inabeba vitabu laki nane na watu elfu sita kwa wakati mmoja. Elfu sita! Hiyo ni shule za sekondari ngapi za huku kwetu umeziweka chini ya paa moja. Ndani yake kuna mpaka Taasisi ya Konfusio ya kufundisha Kichina. Wa zamani tuliosoma ile maktaba ya mwanzo tulikuwa tunawahi viti asubuhi, unaweka daftari unaenda kunywa chai, ukirudi daftari liko chini na mtu kakaa, na ukimuuliza anakwambia "kwani lilikuwa limeandikwa jina".

Mzee umesema majengo ya vioo, hiyo maktaba ina vioo vya kutosha na AC, lakini acha niitetee, vitabu na kompyuta havitaki unyevu wa pwani. Upepo wa bahari unaosifia una chumvi.

Na kama dogo anaenda uhandisi basi ajue upande wa CoET, yaani ndaki ya uhandisi, ule ni kama mji wake wenyewe, karakana, mashine, harufu ya oili. Kitivo kilianza 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Watu wa CoET wana sifa ya kutojua sehemu nyingine ya chuo, unaweza kumaliza miaka minne hujawahi kukanyaga upande wa sheria.

---

mzee_wa_boma (Mikindani)

Marahaba injinia. La chumvi nakubali, Boma lenyewe lilishakuwa gofu mpaka lilipokuja kukarabatiwa likawa hoteli. Ila elfu sita wakikaa humo na umeme ukakatika utanipigia simu.

---

ming_oko_tamu

Samahanini mimi nauliza swali la pembeni, kwanini sisi Kusini kila kitu lazima mtoto apande basi aende Dar? Mtwara tuna bandari, gesi, korosho, kwanini hatuna chuo chetu chenye jengo la kuwekwa kwenye hela?? Makerere wana lile jengo lao kuu, lilishika moto Septemba 2020 wakalijenga upya, hata Mzee Mkapa wetu wa Lupaso alisoma kule. Sisi je?

---

binti_shangani (Mtwara)

Usiseme hatuna chuo, sema hatuna cha kwenye hela. Stella Maris ipo hapa Mtwara tangu 2009 chini ya SAUT (chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino), TIA, taasisi ya uhasibu, ina kampasi hapa, vyuo vya ualimu vipo, VETA ipo Mtwara na Lindi, chuo kikuu huria wana vituo. Naliendele utafiti wa korosho unafanyika pale unajulikana mpaka nje ya nchi, mbegu bora mnazopanda huko Newala na Tandahimba zinatoka pale, ila hakuna anayeenda kupiga picha na jengo la Naliendele kwa sababu ni ofisi za kawaida na mikorosho. Mimi kwa upande wangu mkorosho nauweka kwenye noti kabla ya ukumbi wowote.

---

injinia_ligula (Mtwara)

Na UDSM wenyewe wanakuja Lindi. Kuna mradi unaitwa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa vyuo vikuu vya umma nchi nzima, na humo UDSM wamewekewa kampasi mpya mbili, Lindi na Kagera. Ya Lindi ni mambo ya kilimo, ina mantiki kwa korosho na ufuta wetu. Kwa hiyo ming'oko, mdogo wako wa mwisho anaweza kusoma UDSM huku anarudi nyumbani kula ming'oko jioni.

Ninachoomba mimi, wasije wakatupigia zile ghorofa za kunakili ambazo ukiziona hujui uko Lindi au uko Singida. Watuwekee varanda. Wamsikilize mzee wa boma.

---

korosho_ghafi (Lindi)

Aisee wakuu nimesoma yote nimemsomea na mzee fundi seremala amefurahi kama amechaguliwa yeye. Sasa naona mambo mawili matatu hayajakaa sawa kichwani kwangu. Kozi yenyewe dogo kachaguliwa ni jiolojia. Je hiyo inasomwa hapo hapo Mlimani au ndo watampeleka sehemu nyingine? Maana nasikia UDSM ina matawi mpaka mtu unachanganyikiwa. Na basi la kutoka huku Lindi wakishuka Dar waelekee wapi?

---

mti_wa_mwembe

Swali zuri sana hilo la matawi na ungeuliza mapema. UDSM ukiisikia usidhani ni mlimani tu. DUCE ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, kipo Chang'ombe, jirani na uwanja wa Mkapa, yaani mtu wa DUCE akitoka Kusini hana haja ya kuiona Ubungo kabisa. MUCE, nacho kishiriki cha elimu, iko Iringa. Kompyuta na mawasiliano, CoICT, wako Kijitonyama. Uandishi wa habari wako Mikocheni. Taasisi ya sayansi za bahari iko Zanzibar. Sasa mtu anaambiwa "umechaguliwa UDSM" anabeba begi mpaka Mlimani kumbe karatasi inasema Chang'ombe. Kwa hiyo kila mzazi anayesoma uzi huu aangalie jina la chuo kwenye barua neno kwa neno, na wenye watoto wa ualimu ndo waangalie mara mbili.

Jiolojia ni Mlimani, asiwe na wasiwasi, kuna shule kuu ya madini na sayansi za jiolojia.

---

injinia_ligula (Mtwara)

Jiolojia! Mtoto wa Lindi anasoma jiolojia na Tendaguru iko kwao! Mwambieni akifika wakimuuliza anatoka wapi aseme kwa sauti. Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, wakabeba mifupa ya dinosaria tani na tani, wapagazi wameibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na lile lijitu refu zaidi ya mita 13 limesimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo watu wanalipa kiingilio kuliona. Jengo la kuweka dinosaria wetu ndo ambalo hatuna, ming'oko hapo una haki ya kulalamika.

---

ming_oko_tamu

Ndo nachosema mimi!! Mifupa Berlin, mtoto Dar, sisi tumebaki na shimo.

---

binti_shangani (Mtwara)

Haya turudi kwa mama na kikaratasi chake kabla basi halijaondoka.

Mabasi ya Kusini yanaingia Dar kupitia Mbagala. Waulize mapema konda mwisho wa gari ni wapi, mana mengine yanafika mpaka stendi ya Magufuli Mbezi na mengine watu wanashukia Mbagala Rangi Tatu. Kama ni Mbagala wachukue gari ya kwenda Ubungo au Simu 2000, kama ni Mbezi ndo rahisi zaidi maana wanarudi tu na barabara ya Morogoro mpaka Ubungo. Kutoka Ubungo au Mwenge kuna daladala zinazopita ndani ya chuo kabisa, waulize "inapita chuo, Utawala?" Wakiona Mlimani City wajue wamekaribia, lile ni jengo la maduka ila ardhi ni ya chuo, limefunguliwa 2006, na ukilikosa lile basi umelala kwenye gari.

Wasafiri wafike mchana. Usiku kampasi ni kubwa, miti mingi, mtu mgeni ataona majengo yote yanafanana.

Na mizigo, wasibebe mchele na nazi na samaki wa kukausha kana kwamba anaenda kisiwani, sokoni Mwenge vipo vyote. Najua mama hatasikia hilo.

---

korosho_ghafi (Lindi)

Hawezi kusikia hilo dada, ndoo ya samaki imeshajazwa. Kikaratasi nimeandika hivi, naomba mkipitie:

*Mama, mkishuka Ubungo ulizia gari la Chuo Kikuu linalopita Utawala. Mshuke Utawala. Mwambie mlinzi mnaenda kusajili mwaka wa kwanza. Bweni mtaonyeshwa kwa namba, namba nimeandika nyuma ya karatasi hii. Jengo la kusomea ni Yombo. Maktaba ni kubwa ya Wachina. Jengo la noti ya mia tano lipo katikati, mkipata nafasi mlione.*

---

mti_wa_mwembe

Safi, hiyo hata mimi nafika. Ila nyuma ya karatasi ongeza namba ya simu ya mtu mmoja aliyeko pale, hata wa mwaka wa pili, watu wa Lindi wapo wengi, ulizia kwa waliomaliza shule na huyo dogo.

---

mzee_wa_boma (Mikindani)

Mstari wa maktaba weka "maktaba mpya", mana zipo mbili na ya zamani nayo bado ipo, mlinzi asije akamuelekeza nyingine wakaanza kuzunguka na hiyo ndoo.

---

binti_shangani (Mtwara)

Na usiandike Yombo peke yake nimekuomba jamani!! Andika "madarasa ya Yombo, hapo hapo chuoni". Halafu mwambie mama avae viatu vya chini.